Duggan na Mwanawe, kwa Rangi Nyekundu

Rangi nyekundu haina adabu. Nianze na hilo, wanangu, kwa sababu mkisahau yote mengine nitakayosema, hilo litawafaa. Nyeusi ukiifunika inalala. Kijani itanung'unika kidogo, kisha itakubali yaishe. Lakini nyekundu, hasa ile ya zamani tuliyokuwa tukiichanganya wenyewe, ukiipaka nyeupe juu yake inangoja ugeuze mgongo, halafu inapanda taratibu mpaka juu na kukuchungulia. Dawa yake ni kuikwangua yote mpaka ubao mtupu, au kuiziba kwa vanishi na kuiacha ikauke kabisa, ndipo ulete hiyo nyeupe yako. Hakuna njia ya tatu, na kila mteja aliyetaka njia ya tatu alirudi kwetu na uso mwingine.

Wajukuu zangu wamezaliwa hapa Birmingham. Kiswahili wanakisikia vizuri sana, hasa ukitaja chakula, lakini kukijibu ni kwa Kiingereza. Juzi mmoja aliniuliza, "Babu, but what was your actual job?" Nikamwambia nilikuwa naandika majina ya watu juu ya maduka yao. "Like, kwa computer?" Kwa brashi, mjukuu wangu. Nimepanda ngazi, ndoo ya rangi imening'inia, na upepo wa Februari unaniingia kwenye suruali. Alinitazama kwa huruma kubwa, akanifungulia pakiti ya biskuti. Huruma ile ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika haya.

Nilifika mji huu kutoka Unguja mwishoni mwa miaka ya sitini, na brashi mbili zimefungwa ndani ya soksi. Kwetu nilikuwa naandika vibao vya mikahawa na majina ya madarasa, nikajiona bingwa. Karakana iliyonipokea ilikuwa mtaa wa Selly Oak, na mwenyewe alikuwa Mzee Alf, mzaliwa wa hapa hapa, mfupi, sigara imekaa sikioni mchana kutwa bila kuwashwa kwa kuogopa tapentaini isishike moto. Alinipa kipande cha ubao, akaniambia niandike herufi yoyote niipendayo. Nikamwandikia S yenye madaha yote niliyojaliwa na Mungu. Akaitazama, akasema, "Nimewahi kuona mbaya kuliko hiyo." Nilirudi nyumbani nimenuna. Ilinichukua miaka kugundua kwamba hiyo ndiyo sifa kubwa aliyopata kumpa binadamu.

Alf alinifundisha kuegemeza mkono juu ya fimbo yenye kichwa cha ngozi, ili mkono wenye brashi usitetemeke. Alinifundisha kutoboa mchoro vitundu vitundu na kuupigapiga kwa kifuko cha unga wa chaki, ili mchoro uhamie ukutani wenyewe. Alinifundisha kuvuta mstari mrefu kwa pumzi moja. Usipumue katikati ya herufi, alisema, na ukitaka kupiga chafya, shuka ngazi kwanza. Siku moja nilidharau hilo la chafya, na kuna fundi viatu ambaye jina lake lilipata mkia mpaka alipostaafu.

Kosa langu kubwa, lakini, lilikuwa la usomi. Nilinunua pimamaji, kile kifaa chenye tone la hewa ndani, na nikapewa kazi ya kinyozi kwenye mtaa wenye mteremko. Niliandika jina lake limenyooka sawasawa, tone limekaa katikati kabisa, nikashuka nikitabasamu. Kinyozi akatoka, akainamisha kichwa upande, akaniuliza kama nilikuwa nimekunywa. Kwa kuwa mtaa ulikuwa umelala, na madirisha yote yamelala nao, jina langu lililonyooka lilionekana ndilo linaloanguka. Alf alikuja, akaliandika upya likiwa limepinda kidogo, na watu wote wakasema sasa limenyooka. "Mteja hana pimamaji," aliniambia. "Ana macho." Kile kifaa nilikigeuza kuwa cha kuzuia mlango.

Basi twende kwa Con Duggan, maana huyo ndiye niliyekusudia kuwaelezeni, haya mengine yalikuwa kupasha moto brashi.

Con alikuwa muuza mboga kwenye barabara ya maduka ya mtaa wa Erdington, mtu wa miaka arobaini hivi, mpana, mwenye mikono mikubwa ya kubebea magunia ya viazi. Juu ya duka lake palikuwa na ubao mrefu mweupe wenye herufi nyekundu: DUGGAN NA MWANAWE. Aliyeuandika alikuwa Alf mwenyewe, zamani, wakati huyo mwana angali anavaa kaptura. Duggan mkubwa, baba yake, alikuwa hai bado, anashinda dukani akichambua majani mabovu ya kabichi, kofia kichwani.

Ijumaa moja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Con aliingia karakana akihema.

"Nataka ubao wangu uandikwe upya," alisema. "Jina moja tu mwanzoni. Ormsley. Kulia mniachie nafasi, nitaongeza baadaye Mboga na Matunda."

Alf akaitoa sigara sikioni. "Umeuza duka?"

"Sijauza. Nimekuwa Ormsley."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

Tukamvutia kigoda, akakaa, akatueleza. Nami nawaelezeni kwa ufupi, maana yeye alianza na mfalme.

Ormsley wa kwanza alipewa ardhi kule Ireland na mfalme, enzi za panga na farasi. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe, lakini hakuna aliyewauliza. Tangu hapo kanuni ya ukoo ikawa moja: mtoto wa kiume wa kwanza anachukua vyote. Wadogo zake wanakwenda jeshini au kanisani, dada zake wanapewa kidani na kila la heri. Vizazi vikapita hivyo. Ormsley mmoja alijenga mnara ili amwone jirani yake, na jirani akapanda miti ili asionekane. Mwingine alichimba ziwa akalijaza samaki, samaki wakafa, ziwa likabaki. Baadaye sheria ikageuka, wakulima wakauziwa mashamba waliyokuwa wakiyalima miaka yote, na urithi ukaendelea kunywea kila ulipopita mikononi mwa mtu, kama kipande cha sabuni. Mwishowe ikabaki nyumba kubwa inayovuja, bustani yenye ukuta, lile ziwa, na geti. Geti lenyewe lilikuwa na ubao wa jina, na mfanyakazi yeyote alipopita hapo ilimlazimu avue kofia, hata kama hapakuwa na mtu.

Babu mzaa mama wa Con, Ormsley wa wakati huo, alikuwa na watoto wawili, mwana na binti. Aliandika wasia kwamba nyumba iende kwa mwana, na mwana akifa bila mtoto, iende kwa mtoto wa binti. Lakini kwa sharti: mrithi huyo ajulikane mbele za watu kwa jina la Ormsley, lisije likafa. Binti aliitwa Bi Honor. Na Bi Honor, badala ya kuolewa na mwenye mnara mwenzao, alitoroka na mtunza bustani wao. Mtunza bustani huyo ndiye Mzee Duggan wa kabichi.

"Babu alifunga mlango," Con alisema, "na mama hakuuona tena. Alikufa kule Erdington, chumba cha nyuma ya duka. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinihadithia ngazi ya ndani ya nyumba ile, jinsi alivyokuwa akiteleza kwenye ule mkono wa mbao wa kujishikia mpaka chini. Sasa mjomba amekufa, hana mtoto. Sitaki ukuu, jamani. Nataka kuipanda ngazi ya mama yangu, basi."

"Na baba yako anasemaje?" Alf aliuliza.

Con akatazama viatu vyake. "Hasemi. Tangu Jumanne hajasema neno na mimi."

Ikaja sasa habari ya muda. Wakili anayesimamia wasia alikuwa anakuja Jumatatu, kwa sababu binamu mmoja wa mbali aliyeitolea macho nyumba ile alikuwa amelalamika kwamba huyu Con ni Duggan tu, kila mtu anamjua Duggan. Wakili alitaka kuona kwa macho yake.

"Jumatatu haiwezekani," Alf alisema. "Nyekundu ile niliichanganya mwenyewe. Lazima izibwe, ikauke, tuizibe tena. Usipoiziba itatoka."

"Itatoka lini?"

"Itakapojisikia."

"Baada ya Jumatatu?"

Alf akairudisha sigara sikioni. Nami nikamwambia Con kwa upole, kwetu tunasema haraka haraka haina baraka. Akaniambia kwao Erdington wanasema wakili hasubiri. Basi tukakubali, na Alf akamwambia mbele yangu kwamba asije akalia.

Usiku huo nilimsimulia mke wangu, Zuwena. Zuwena alikuwa anasonga ugali, akaacha mwiko umesimama.

"Yaani unakwenda kumfuta baba wa mtu, na yeye mwenyewe yupo pale anakutazama?"

"Ni kazi, mke wangu."

"Kazi! Mtu akaitwa kwa jina la babu mzaa mama, baba yake yu hai, anakula, anatembea? Huko si kumzika mzima?"

Nikamkumbusha kwamba hata sisi mirathi hatuna la kujivunia. Shamba la mikarafuu la babu yangu liligawiwa kwa haki tupu, kila mtu na fungu lake, mke, mtoto, mtoto wa mtoto, mpaka mimi nikaangukia nusu ya mkarafuu mmoja, na mwenye nusu ya pili hatusemezani mpaka leo. Hawa Waormsley wanampa mmoja vyote na wengine wanalia. Sisi tunampa kila mmoja kidogo na tunalia wote.

"Tunalia," Zuwena alisema, "lakini tunalia kila mtu na jina la baba yake." Akarudi kwenye ugali. Nami nikanawa mikono, nikakaa kula.

Jumamosi nikapaka nyeupe. Nakiri roho iliniuma. Jina aliloliandika Alf lilikuwa zuri, herufi zimeshiba, nafasi zimekaa vizuri, na mimi nalipitishia brashi pana kama mtu anayepaka choo chokaa. Jumapili nikaandika ORMSLEY kwa rangi nyeusi, upande wa kushoto, na kulia nikaacha ile nafasi tupu. Mzee Duggan alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara siku zote mbili, koti limefungwa mpaka shingoni. Nilipokuwa nakunja ngazi alivuka.

"Ile nyekundu chini," aliniuliza, "umeiziba?"

"Mwanao hakunipa muda, mzee."

"Ah," alisema. Akautazama ubao kwa makini, kama anayetazama kitalu alichokipanda. "Mimi nimetunza bustani tangu utoto. Ukifukia bila kung'oa mizizi, kijana wangu, hujang'oa kitu." Kisha akaingia ndani kuchambua kabichi zake.

Jumatatu asubuhi nikapitia Erdington kabla ya kwenda kazini, nikijidai nataka vitunguu. Nilipoinua macho nikasema, La ilaha. Kule kulia, kwenye nafasi tupu, palikuwa pametoka maneno mawili ya waridi, mapana, yamesimama vizuri kabisa kama Alf alivyoyaweka: NA MWANAWE. Kushoto, DUGGAN alikuwa anachungulia katikati ya herufi za Ormsley, hapa D, pale tumbo la G. Ubao wote ulikuwa umeona haya.

Con alikuwa mlangoni, uso wake na ubao rangi moja. "Fanya kitu!" alinipigia kelele. "Itafute hiyo vanishi!"

"Vanishi ilikuwa Ijumaa," nilimwambia.

Akalivuta turubai la kivuli lililofungwa juu ya ubao, akalishusha mpaka chini kabisa, likaziba ubao wote na nusu ya mlango. Jua lenyewe halikuwapo. Wateja wakawa wanaingia wameinama. Na hao wateja walikuwa na taabu yao, maana Con alikuwa amewaomba tangu juma lililopita wamwite Bwana Ormsley. Kinamama wa Birmingham humwita kila mtu "bab", awe mwana au babu, na hilo lilikuwa limewasaidia kukwepa. Lakini palikuwa na mama mmoja mtu mzima, mteja wa kila siku, aliyekuwa amejifunza kwa bidii. "Ratili mbili za viazi, Bwana Orms... Orms... Con, mpenzi, leo siwezi, niache kesho."

Wakili akafika saa ya chai ya asubuhi. Mtu mwembamba, mkoba, mwavuli, mafua. Alitoka Dublin kwa meli, na meli haikumtendea wema. Con akamkaribisha, akampa kiti, akampa chai, akampa peasi. Wakili akashukuru kwa kila kimoja, kisha akasema, "Sasa, bwana, naomba nione jina lililo juu ya duka."

"Lipo," Con alisema.

"Sina shaka. Naomba ulipandishe turubai."

Tukatoka wote: wakili, Con, mimi na vitunguu vyangu, yule mama wa viazi, na Mzee Duggan nyuma yetu. Con akazungusha mkono wa turubai kwa utaratibu wa mtu anayefungua kaburi. Upande wa kulia ukapanda kwanza, wa kushoto ukakwama. Likaonekana jambo moja tu, la waridi: NA MWANAWE. Wakili akapenga kamasi, akangoja. Con akatikisa, turubai likaruka juu lote kwa kishindo, na ubao ukabaki uchi.

Wakili akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena. Akamgeukia Con, akamwuliza kwa sauti ya kazi: "Kwa ajili ya kumbukumbu, bwana. Wewe unajulikana kwa jina gani?"

Hapo, wanangu, ndipo nilipoona kitu ambacho sijakiona tena. Wote wawili walijibu kwa pamoja.

Mzee Duggan, aliyekuwa hajafungua kinywa kwa mwanawe tangu Jumanne ile, alisogea mbele, akavua kofia. "Huyu ni Bwana Ormsley," alisema. "Mtoto wa Bi Honor Ormsley. Nimemfahamu tangu siku aliyozaliwa. Mimi nilikuwa mtunza bustani tu, bwana."

Na Con, wakati ule ule, juu ya sauti ile ile, alikuwa akisema: "Duggan. Mimi ni Con Duggan, na huyu ni baba yangu."

Wakageukiana. Mzee akamkata jicho. "Ormsley!" alisema. "Duggan!" alisema Con. "Usimsikilize, bwana, ana homa." "Sina homa yoyote, baba!" "Baba nani? Mimi ni mtunza bustani!" Walikuwa wanapigania, kila mmoja akijaribu kumpa mwenzake kile ambacho mwenyewe alikuwa anakililia, na machozi yalikuwa yanamtoka yule mzee na hasira zake. Nilivibana vitunguu kifuani. Mimi baba yangu alifariki niko huku, na jina lake ndilo kitu pekee nilichovuka nacho. Ningeweza kulia pale barabarani, na nafikiri nililia.

Yule mama akauliza kwa upole, "Con, na viazi vyangu?"

Wakili akanitazama mimi, mikono yangu ina rangi nyeusi kwenye kucha. "Wewe ndiye uliyeandika ubao huu?"

"Ndiyo, bwana."

"Uliandika jina gani?"

"Ormsley."

"Na hilo jingine?"

"Hilo sikuliandika mimi, bwana. Hilo limetoka lenyewe."

Akapenga tena. "Maagizo yangu," alisema hatimaye, "ni kuona kama jina la Ormsley limeandikwa mbele za watu. Nimeliona, limeandikwa. Mambo yanayotoka yenyewe sikuagizwa." Akafunga mkoba. Kisha akamgeukia Mzee Duggan, akavua kofia yake mwenyewe. "Na wasia ule, mzee, hausemi popote kwamba mrithi asiwe na baba." Akaomba peasi nyingine ya njiani, akaenda zake stesheni.

Alipopotea kwenye kona, Mzee Duggan alimpiga mwanawe na kofia begani. "Mjinga we! Nusura uitupe nyumba ya mama yako barabarani, mbele ya mtu na mwavuli wake!" Con alicheka, akalia, akacheka. Juma zima la kimya likamwagika pale pale, matusi na yote, na biashara ikasimama mpaka mchana. Yule mama akajipimia viazi mwenyewe.

Nilipomsimulia Alf, alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Imetoka sawa? Haikutambaa pembeni?" Nikamwambia imetoka sawasawa, kila herufi mahali pake. Akaridhika sana. "Nimewahi kuona mbaya kuliko hiyo," alisema.

Ubao ule Con hakutaka uguswe tena. Ukakaa hivyo hivyo, Ormsley mweusi amekaliwa na Duggan wa waridi, na watu wa Erdington wakaliita duka la majina mawili. Kila kiangazi Con alikuwa anafunga duka na kwenda Ireland na baba yake kuziba paa. Aliipanda ngazi ya mama yake siku ya kwanza, na mtu mzima yule akateleza kwenye ule mkono wa mbao mpaka chini na kuuvunja, akakaa sakafuni kwa furaha. Tatizo alikuwa baba yake. Kila walipofika, mzee alizunguka nyuma na kuingia kwa mlango wa jikoni, kama alivyozoea ujanani. Con akaufunga mlango wa jikoni kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni. Mzee akapitia dirishani.

Na getini, kila asubuhi alipotoka matembezi, mkono wake ulipanda wenyewe. Anavua kofia, anapita, anaivaa. Hapakuwa na mtu wa kumvulia. Palikuwa na ubao tu.

Miaka ilikuwa inakwenda. Mabango ya plastiki yenye taa ndani yalianza kuingia mjini, yanakuja ndani ya boksi, yanafungwa kwa skrubu na mtu asiyejua herufi inaanzia wapi. Maduka ya mtaa wa Alum Rock peke yake ndiyo yaliyotulisha wakati ule, maana kila mwenye duka la nguo kule alitaka jina lake liwe kubwa kuliko la jirani, na plastiki kubwa ilikuwa ghali. Alf alikuwa amefariki, Mungu amrehemu, na sigara ile tulimzika nayo. Karakana ikawa yangu. Nawaambia haya msije mkafikiri nalaumu mashine. Mashine inaandika vizuri. Ila plastiki ukiiondoa, nyuma yake hamna kitu.

Siku moja Con akaingia amebeba ubao wa mwaloni, mzito, umelika kwa mvua. Ulikuwa ubao wa geti.

"Andika Ormsley," alisema. "Nyeusi juu ya nyeupe, herufi za heshima. Wakili bado anapita pale mara moja moja."

"Haya."

"Lakini kwanza, chini yake, kabla ya hiyo nyeupe, niandikie Duggan. Ile nyekundu ya Alf unaijua kuichanganya?"

Nilikuwa naijua. Nikaiandika polepole, kwa pumzi moja moja, fimbo mkononi, na sijui kama nimepata kuandika jina vizuri vile tena. Ilipokauka nikaikamata brashi ya nyeupe. Nimewafundisha mafundi wengi, na wote nimewaapisha: nyekundu huzibwa. Nikamwuliza tu kwa ajili ya desturi.

"Nizibe?"

"Thubutu," alisema Con.

Ubao ukaenda Ireland, mweupe, msafi, umeandikwa Ormsley. Mzee Duggan hakuambiwa neno. Kiangazi kikapita, na chai yangu ya saa nne ilikuwa mkononi Con alipoingia karakana bila hata kunisalimu, kofia imekaa upande.

"Imetoka," alisema.

"Yote?"

"Yote. Jumapili asubuhi. Nilikuwa dirishani, namtazama baba anarudi matembezi. Amefika getini, mkono umepanda, kofia imevuka kichwa, ndipo akaliona jina. Akasimama. Nikafikiri labda amepata ugonjwa."

"Kisha?"

"Hakuivaa. Akaishika kifuani, akainamisha kichwa kidogo, akasema, 'Habari za asubuhi, Duggan.'"